Alinichokoza, basi nilijitetea

Katika mukutano wetu wa mwisho wa shirika, mbele ya kupanga kurasa za kitabu hiki, mumoja wetu, mutu ninayemuheshimu na aliyenizidi miaka, alisema tuandike wazi kwamba desturi ya Baluba inamuhurumia mutu aliyeua kwa kuchokozwa, na kwamba kumuua mulozi si kuua, ni kujitetea. Watu wakapiga mikono. Mimi sikupiga. Niliomba kurasa hizi nijibu, na komite ikakubali, ninaishukuru. Ninaandika kama mwalimu wa sekondari anayefundisha historia na elimu ya uraia hapa Kamina, si kama avoka. Wenye kujua sheria kunipita watanisahihisha.

Nianze na jambo ninalolijua kwa macho yangu, sababu ndilo linanifanya nisinyamaze.

Mwaka 2014, mutoto wa mujomba wangu, kijana wa miaka makumi tatu na kitu, alipoteza mutoto wake kwa homa. Mutoto alikuwa na miaka mine. Ni kijiji cha mbali kidogo na njia ya reli, na kutoka kule mpaka kwenye dawa ni safari ya kinga nusu siku. Kwenye kilio, midomo ikaanza. Kulikuwa muzee mumoja jirani, fundi wa mikeka, mutu wa maneno makali, asiyesalimia watu. Mutu akasema: ule muzee alipita hapa juzi na aliangalia mutoto sana. Mwingine akaongeza. Siku ya tatu kisha maziko, ndugu yangu alikunywa lutuku tangu asubuhi, kiisha akaenda kwa muzee. Muzee alikuwa amekaa chini ya muembe, anasuka. Wakatupiana maneno. Muzee akanyoosha kidole na kusema: «Utaona.» Ndugu yangu akarudi kwake, akachukua mupini wa jembe, akaja tena, akapiga. Muzee alikufa usiku ule.

Familia ikakutana katika lupango ya baba mukubwa. Wakaniita mimi mwenye kalamu. «Mwalimu, andika barua kwa wazuzi. Andika kwamba alichokozwa. Andika kwamba muzee alimutishia kifo, akasema utaona. Andika kwamba shiye tulijitetea tu.» Angalieni vizuri sentensi hizi. Katika pumuzi moja walitia mambo mawili ambayo hayakai nyumba moja, na hawakusikia kama yanagombana.

Kuchokozwa ni jambo la moyo. Mutu ananitukana mama yangu, ananitemea mate mbele ya watu, damu inapanda, mukono unaruka kabla akili haijafika. Anayesema «nilichokozwa» anakubali kwamba alifanya vibaya. Anaomba tu watu wakumbuke kwamba yeye ni mutu na si jiwe. Kujitetea ni jambo lingine kabisa. Mupanga unakuja juu ya kichwa changu, nainua fimbo, ninampiga mwenye mupanga. Hapa siombi huruma ya mutu. Ninasema nilikuwa na haki, na hata zuzi angelifanya vile. Wa kwanza anaomba azabu ipunguzwe. Wa pili anasema hakuna azabu. Sasa yule anayesema yote mawili, «alinichokoza, basi nilijitetea», anataka hasira yake ihesabiwe kuwa haki. Na mulango ule ukifunguliwa, hakuna muuaji atakayebaki inje.

Sheria ya inchi yetu inasema nini? Kitabu chetu cha azabu ni cha tarehe 30 Januari 1940, kimetengenezwa mara nyingi tangu pale. Wanafunzi wangu wanashangaa kila mwaka nikiwaambia kwamba ndani yake hakuna kifungu kinachoandika «légitime défense» kwa jumla. Ni wazuzi na waalimu wa sheria walioikubali kama kanuni ya asili, na wakaiwekea masharti: shambulio liwe la zuluma, liwe linakuja sasa hivi ao liko karibu kabisa kuanguka, kusiwe na njia ingine ya kujiokoa, na jibu lisipite kipimo cha hatari. Mutu akitoroka, hatari imekwisha. Ukimufuata na kumuchinja njiani, wewe sasa ndiye mushambuliaji. Na uchokozi? Huo hauna mulango wake wa pekee katika kitabu. Unaingia kupitia kifungu cha 18, kile cha sababu za kupunguza azabu, ambacho kinamuachia zuzi kubadilisha hata azabu ya kifo kuwa ya maisha ao ya miaka anayoipima mwenyewe. Aliyepiga bila nia ya kuua, mutu akakufa, kifungu cha 48 kinamupa miaka 5 mpaka 20. Aliyepanga mbele, kifungu cha 45 kinaandika kifo. Kati ya mambo haya kuna nafasi kubwa, na katika nafasi ile ndimo uchokozi unapimwa. Zuzi anaweza kuhurumia. Lakini kuhurumia si kusema «ulifanya vema».

Najua jibu. Watasema: hiyo ni sheria ya Wazungu, sisi tunasema juu ya desturi. Vema, twende kwenye desturi, sababu ndiko ninakotaka kuwapeleka.

Mwaka 2019 nilijaribu kitu na wanafunzi wa mwaka wa sita. Wabelgiji kwao, kwa makosa makubwa, wanaita raia 12 kutoka mitaani, mwashi, muuguzi, muuza duka, wanasikiliza na kusema huyu ana kosa ao hana. Huku kwetu jambo lile hawakulileta hata siku moja. Hakukuwa imani ya kuwapa weusi kiti kile. Nikawaambia wanafunzi: leo tutakuwa na watu 12 wetu, na mushitakiwa ni Kalala Ilunga.

Kila mutoto wa Kiluba anajua habari, hata kama kila muzee anaisimulia kwa namna yake. Nkongolo Mwamba, mufalme mukali. Mbidi Kiluwe, mwindaji mugeni aliyekuja kutoka mashariki na kumuzaa Kalala Ilunga kwa dada ya Nkongolo, kiisha akarudi kwao. Kijana anakua, anakuwa na nguvu na sifa, mujomba anaona wivu. Nkongolo anachimba shimo, anapanda mikuki ndani, anatandika mikeka juu, anamwita mupwa wake aje acheze ngoma mbele ya watu. Mupiga ngoma anamuonya kijana kwa mulio wa ngoma. Kalala Ilunga anatoboa mukeka kwa mukuki wake, anaona shimo, anaruka, anakimbia mpaka anavuka Lualaba kwenda kwa baba yake. Anarudi na jeshi. Nkongolo anakimbilia milimani, anakamatwa, kichwa chake kinakatwa.

Nikauliza wale 12: alijitetea, alichokozwa, ao aliua?

Vijana walibishana saa mbili, kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Mumoja alisema: pale kwenye shimo, kama angelimuchoma mujomba wake palepale, ni kujitetea, hakuna neno. Lakini alivuka muto. Muto Lualaba si kijito, baba! Alikula, alilala, alikusanya askari, alirudi. Hapo ni vita ao ni kisasi, jina lingine lolote lakini si kujitetea. Kura zilikwenda upande ule, saba kwa tano. Lakini binti mumoja kati ya wale watano alisimama akanifunga mimi mwalimu. «Mwalimu, wanasema Nkongolo alimuzika mama yake mwenyewe akiwa muzima juu alimucheka. Mutu wa vile, hatari yake inaisha siku gani? Kalala angekaa ng’ambo ya muto, wale walioachwa upande huu nani angewatetea?»

Sikupata jibu zuri siku ile, na sitajidai kwamba nimelipata sasa. Ni swali la mwanamuke anayepigwa kila usiku miaka makumi, na siku moja anamuua mume akiwa amegeuka. Ufaransa walikuwa na mashauri kama hayo: Jacqueline Sauvage alimupiga mume wake risasi tatu mugongoni mwezi wa Septemba 2012, kisha miaka 47 ya kupigwa yeye na watoto. Waavoka wake walisema alijitetea. Watu wa baraza la raia walikataa mara mbili, 2014 na 2015, wakampa miaka 10, sababu wakati wa risasi hakuna mukono uliokuwa juu yake. Rais François Hollande akamusamehe yote mwisho wa 2016. Mimi naona wote walifanya kazi yao: wale raia walikataa kuipanua haki ya kuua, na aliye na uwezo wa kusamehe alisamehe. Lakini ninakubali mutu mwingine aone tofauti, na ningependa wamama wa shirika letu waandike juu ya hilo, sababu mpaka leo katika kitabu hiki wanaandika wanaume tu.

Ninachotaka muone ni hiki. Habari yetu ya mwanzo kabisa, ile ambayo bana balute waliishika katika lukasa, haisemi kwamba hasira ni haki. Inaonyesha mutu aliyetegwa kweli, na jambo la kwanza alilolifanya ni kukimbia na kwenda kwa mukubwa. Kumuua mujomba palepale uwanjani hakujaribu. Na wazee wetu waliishi vile. Mutu akikutukana, unampeleka kwa mukubwa wa kijiji. Mutu akilala na bibi yako, unadai malipo, na watu wanakaa chini kuhesabu. Mutu akiua, hata kwa bahati mbaya, ukoo wake unalipa ukoo wa marehemu, sababu damu imemwangika na mahali pa mutu pamebaki wazi. Chukua desturi yote upande huu na upande ule: ni kazi ya kuweka mutu wa tatu katikati ya wawili wanaogombana, na kuweka muda katikati ya hasira na mukono. Anayesema desturi inamupa mwenye hasira ruhusa, ameisoma kichwa chini.

Hata ile hadisi ya mume anayekamata bibi yake na mwanaume, akaua, na watu wakasema «ni desturi, mwanaume yeyote angelifanya»: munajua ruhusa ile iliandikwa wapi? Paris. Kifungu cha 324 cha kitabu cha azabu cha Ufaransa cha mwaka 1810 kilisema mume anayewakuta nyumbani mwake na kuwaua ana kisingizio. Wafaransa wenyewe walikifuta mwaka 1975. Tunalinda nguo kuukuu ya Napoleon na kusema ni urizi wa mababu.

Sasa bulozi. Hapa najua nitapoteza marafiki.

Hoja yao inakwenda hivi: mulozi anashambulia, shambulio halionekani lakini linaua, serikali haina macho ya kuliona, basi mutu anabaki na mukono wake tu. Wengine waliosoma wanamuchukua Padiri Placide Tempels kuwa avoka wao. Tempels alikuwa Mufransiskani aliyekaa kati yetu, na kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, cha 1945, kinasema kwamba kwa Muluba kuwa ni kuwa na nguvu, na nguvu ya mutu inaweza kupunguzwa na mutu mwingine. Wanasema: munaona, hata padiri alikubali. Mimi sitaki hapa kubishana kama bulozi iko ao haiko. Tuseme iko. Tuwape hata hiyo. Bado hoja yao inaanguka, na inaanguka juu ya masharti yao wenyewe ya kujitetea.

Shambulio lilikuwa linakuja saa ile? Muzee alikuwa anasuka mukeka. Mutoto alikuwa amekwisha kuzikwa siku tatu. Kumupiga muzee hakungemurudishia pumuzi. Hakukuwa njia ingine? Kijiji kilikuwa na mukubwa, kikundi kilikuwa na shefu, Kamina kuna polisi na parke. Na nani alisema ni yeye? Midomo ya kilio. Zamani, hata katika mambo mabaya kama mwavi, ile sumu waliyowanyesha watu kuwapima, kulikuwa angalau mbele ya watu, mushitakiwa akisema neno lake. Sheria ilikataza mwavi, na ilifanya vema, uliua wasio na kosa wengi. Lakini sisi tumetupa mwavi na kubakiza kifo. Sasa mutu anashitakiwa usiku na watu asiowaona, hajui hata kama kuna mashitaka, anapata hukumu kwa mupini wa jembe.

Jirani zetu waliosimamiwa na Waingereza walikutana na swali hili mbele ya wazuzi, na inafaa tujue walipofika. Kenya, 1932: Wakamba 60 walihukumiwa kufa pamoja kwa kumupiga mpaka kufa mama mumoja waliyesema ameloga bibi ya mumoja wao. Walisimama mbele ya zuzi wakiwa hawakatai, wanasema walifanya kazi ya mababu. Tribinali ilisema kuamini bulozi si uchokozi unaopunguza kosa. Kiisha serikali haikuwanyonga, ikabadilisha azabu. Uganda, 1941, shauri la Fabiano Kinene na wenzake: walimukuta muzee uchi usiku, anatambaa katika lupango yao, wakaamini ni mulozi yuko kazini, wakamuua vibaya sana. Wazuzi wa rufani wa Afrika ya Mashariki wakakubali kulikuwa uchokozi, wakapunguza kosa, sababu walimuona kwa macho, saa ile, ndani ya lupango yao. Lakini 1951, katika shauri la Eria Galikuwa, aliyemuua muganga aliyemuogopa, wazuzi walewale walikataa: hofu ya kwamba mutu ataniua kesho ao mwezi ujao haifanyi uchokozi wa gafla. Mimi siwapendi wakoloni, na katika Kenya ile Muzungu alikuwa anahukumiwa na baraza la Wazungu wenzake, Mwafrika hapana, alipata wazee washauri tu ambao zuzi hakufungwa na neno lao. Lakini swali waliloliuliza ni zuri: ulimuona akifanya nini, na ulimuona saa ngapi?

Katika inchi yetu wenye kulipa zaidi ni wale wasio na mutu wa kuwasemea: wazee wajane, na watoto. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto kwa bulozi, na sheria ya 10 Januari 2009 inamupa anayefanya hivyo mwaka moja mpaka mitatu ya kifungo. Kwa muzee hakuna kifungu cha namna ile. Muzee anaachiwa huruma ya watoto wake, kama anao.

Na jambo hili halibaki katika vijiji. Neno «kujitetea» limetembea sana katika Haut-Lomami. Wakati wa vita ya 1998, vijana wetu walipewa silaha waitwe watetezi wa wenyeji, na tunajua wote, wa Malemba-Nkulu na wa Bukama wanajua kutupita, vijiji vingapi vilichomwa na watetezi. Mwezi wa Novemba 2023, palepale Malemba-Nkulu, kijana wa moto aliuawa. Ni uovu, na aliyefanya alistahili tribinali. Lakini watu wakawageukia Wakasai waliokuwa pale, wakaua watu ambao kosa lao lilikuwa asili yao, na picha zikazunguka katika simu za watoto ninaowafundisha. Nilisikia katika baa, hata katika parokia, neno lilelile: «Walituchokoza.» Walituchokoza, nani? Yule mama aliyekuwa anauza? Uchokozi ni wa mutu kwa mutu. Kabila zima haliwezi kuchokoza, na kabila zima haliwezi kujitetea kwa kumuua mupita njia. Kama shirika letu linaandika kwamba desturi yetu inahurumia wenye hasira bila kuweka mipaka, vijana wale watasoma ukurasa ule na kuupenda.

Katiba hiyohiyo, kifungu cha 153, inawaambia wazuzi wafuate desturi pale isipopingana na utaratibu wa watu wote na tabia njema. Katika tribinali ya amani, mambo ya desturi yakiingia, wenye kuijua wanaweza kukaa pamoja na zuzi. Mulango uko wazi basi. Swali ni tutapeleka desturi gani pale: ile inayohesabu malipo na kutafuta mutu wa tatu, ao midomo ya kilio?

Narudi kwa barua. Niliiandika, lakini si ile waliyoitaka. Niliandika kwamba mutoto alikufa, kwamba baba yake hakulala siku tatu, kwamba alikunywa, kwamba hakuwa na kosa lolote mbele ya siku ile, na kwamba alirudi nyumbani kuchukua mupini. Niliandika jambo lile la mwisho sababu lilikuwa kweli. Niliomba wazuzi wapunguze. Neno «kujitetea» sikulitia. Baba mukubwa alisoma, akaniuliza: «Uko wa kwetu ao uko wa tribinali?» Barua ilikwenda hivyohivyo. Ndugu yangu alipata miaka 12. Mpaka leo kuna nyumba katika familia ambamo sinywi maji.

Lakini acha niseme jambo moja ambalo wale wanaonisema hawalisemi. Siku ile katika lupango, wazee walikubali vilevile, kwa desturi, kulipa ukoo wa marehemu: mbuzi sita na pesa, na nguo ya mujane. Wote walisema ndiyo, kwa sauti kubwa, wanaume wenye kupenda desturi. Mbuzi walikuwa wagawanywe kwa kila nyumba.

Yule mujane alihamia kwa binti yake hapa Kamina. Anauza mihogo mikavu karibu na gare. Ananijua. Nikipita ananisalimia kwanza yeye, ingawa mimi ndiye mutoto. Hajaniuliza hata siku moja kama tulifikiri mume wake alikuwa mulozi kweli. Mwaka uliopita, akiwa anapima mihogo yangu, aliuliza tu: «Mwalimu, kule kwenu, wamekwisha kukutanisha wale mbuzi?»

Nilikuwa nimepeleka moja, wangu. Hakuna mwingine aliyefika.